Kiungo Kinachoitoa Treni Njiani

Je, wajua kwamba treni ya mfano inapoacha njia, mara nyingi reli haina kosa lolote? Kichwa kinapita kwenye kona, mabehewa matatu yanakifuata, la nne linainua gurudumu na kulala ubavu. Mwenye treni huinama kukagua reli na kuipiga msasa, wakati chanzo ni kile kipande kidogo cha chuma au plastiki kinachounganisha behewa na behewa.

Treni za mfano zinazopendwa zaidi duniani ni za kipimo cha HO, ambamo kila kitu hupunguzwa mara 87. Njia yenye upana wa milimita 1,435, upana ule ule wa SGR ya Kenya na ya Tanzania, inakuwa milimita 16.5 tu. Ukingo wa gurudumu, ndio unaolizuia lisiteleze nje ya reli, mara nyingi una kina kisichofika milimita 1. Kwa hiyo nguvu ndogo tu ya kuinua au kusukuma kando inatosha kulitoa gurudumu njiani, na nguvu hiyo hupitia kwenye kiunganishi.

Viunganishi vya mifano ya Kimarekani vina asili yake kwenye reli kubwa. Zamani mfanyakazi wa reli alilazimika kusimama katikati ya mabehewa yanayosogeleana ili achomeke pini kwa mkono, na wengi walipoteza vidole, wengine uhai. Mwaka 1873 Eli Janney wa Virginia alipata hataza ya kiunganishi kinachojifunga chenyewe, kama vidole vya mikono miwili iliyokunjwa ikashikana. Sheria ya mwaka 1893 ikayalazimisha makampuni ya reli ya Marekani kutumia viunganishi vinavyojifunga vyenyewe. Baadaye ndugu wawili mapacha, Keith na Dale Edwards, wakaleta umbo hilo kwenye treni za mezani. Herufi za mwanzo za majina yao ndizo zilizozaa jina la kampuni yao, Kadee, ya Oregon.

Kiunganishi cha Kadee kina waya wa chuma uliopinda unaoning'inia chini yake. Kazi yake ni kuvutwa kando na sumaku iliyowekwa kati ya reli, ili mabehewa yaachane bila kuguswa kwa mkono. Ni ubunifu wa kupendeza sana, lakini waya huo ndio wa kwanza kukaguliwa treni inapoanguka mahali njia inapogawanyika. Ukishuka kidogo tu, unanasa kwenye reli zinazokatiza na kuliinua behewa zima. Dawa yake ni koleo: waya unapindwa juu hadi uache nafasi ya karibu milimita 0.8 kutoka uso wa reli.

Kisha kuna kimo. Katika HO, katikati ya kiunganishi hutakiwa kuwa inchi 25/64 juu ya reli, yaani karibu milimita 10. Kimoja kikiwa juu na mwenzake chini, vinashikana kwa ncha tu, na kwenye mwinuko kinachopanda humwachia mwenzake au kumnyanyua. Hapa kukadiria kwa jicho hakufai. Kuna kipimo cha chuma kinachokaa juu ya reli, nacho kinaonyesha kosa papo hapo. Behewa lililo chini huinuliwa kwa wosha nyembamba kati ya bodi na kigari cha magurudumu. Au hununuliwa kiunganishi ambacho kichwa chake kimeinuliwa au kushushwa kuliko shina lake.

Kiunganishi kigumu kuzunguka ndicho hatari zaidi, kwa sababu kosa lake halionekani treni ikiwa imesimama. Kinapaswa kwenda kulia na kushoto kwa urahisi na kurudi katikati chenyewe. Kikikwama kwa mabaki ya plastiki, rangi au skrubu iliyokazwa mno, behewa likiingia kwenye kona humsukuma jirani yake nje. Kusafisha kisanduku chake na kunyunyiza unga wa grafiti kidogo kunatosha. Mafuta hayafai, maana hukusanya vumbi. Adha hiyo huwa kubwa zaidi pale kona ya kushoto inapofuatwa mara moja na ya kulia. Kipande cha njia iliyonyooka, chenye urefu wa behewa refu kuliko yote, kikiwekwa katikati huondoa tatizo.

Uzito nao una sehemu yake. Chama cha treni za mfano cha Marekani, NMRA, kinapendekeza kwa HO wakia 1, kisha nusu wakia kwa kila inchi ya urefu. Behewa la inchi 5.5 linahitaji basi wakia 3.75, karibu gramu 106. Behewa jepesi lililowekwa mbele ya mazito huvutwa kuelekea ndani ya kona hadi lianguke.

Fundi mzoefu huanza kwa kuuliza: behewa lile lile linaanguka kila mahali, au mabehewa tofauti yanaanguka mahali pamoja? Jibu la kwanza humpeleka kwenye kiunganishi na magurudumu, la pili kwenye reli. Baada ya kurekebisha, haridhiki kwa kuona treni ikivutwa mbele tu. Huirudisha nyuma polepole, mabehewa yote yakisukumwa, kupitia kona kali kuliko zote na mahali njia inapogawanyika.