Upepo wa jua: Jam kubwa kuliko ya Karatina, na hakuna aliyegongwa

Ushawahi kukwama kwenye jam ya Karatina siku ya soko? Hakuna gari limegonga lingine, lakini nyote mmesimama. Wa mbele anakanyaga breki, taa nyekundu inawaka, wa nyuma naye anakanyaga yake. Habari inafika hadi mkia wa foleni bila gari kugusa gari.

Sasa tazama juu, kupita kilele cha Mlima Kenya. Takriban kilomita 90,000 kutoka duniani, upande wa jua, kuna jam kama hiyo usiku na mchana.

Jua hupuliza upepo wa plazima, yaani chembe zenye umeme, kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Kwa spidi hiyo, Nyeri hadi Nairobi ni chini ya nusu sekunde. Mathree isahau. Upepo huo ukikaribia ngao ya sumaku ya dunia, hulazimika kupunguza mwendo ghafla. Hapo huzaliwa wimbi la mshtuko.

Lakini nani anakanyaga breki? Katika hewa ya kawaida, chembe hugongana. Upepo wa jua ni mwembamba mno, chembe karibu hazikutani. Kazi hiyo hufanywa na mawimbi ya umeme na sumaku yanayochafuka pale mpakani, yakizisukuma chembe huku na kule hadi zipoe mwendo na kupata joto.

Usidhani haya ni ya wazungu pekee. Novemba 15, 1971, setilaiti ya Marekani, Explorer 45, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kwenda kuchunguza dhoruba za sumaku zinazoikumba dunia.

Na zinatuhusu. Jua likilipuka, wingu la plazima husukuma mshtuko mbele yake. Mei 2024, dhoruba kali zaidi katika miaka 20 hivi ilivuruga GPS, na wakulima Marekani wakasimamisha trekta msimu wa kupanda. Sisi tunaishi kando ya Ikweta, ambako ishara za GPS huyumbishwa zaidi na anga la juu, hasa jua likishatua.

Kwa hivyo wewe unayesomea upimaji wa ardhi pale Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, au unayerusha droni juu ya mashamba ya Nanyuki, kabla ya kulaumu mashine, angalia kwanza hali ya jua. Mpaka wa shamba ukikosewa mita chache huku kwetu, unajua kesi itakavyokuwa.