Alama za Wodini na Haki ya Mwanafunzi

Wilayani Muleba, ambako hospitali ya Kilutheri ya Ndolage na ile ya Kikatoliki ya Rubya zina vyuo vya afya pembeni yake, mwanafunzi hupimwa pia kwa mafunzo ya vitendo, yaani kazi aifanyayo wodini mbele ya msimamizi wake. Alama ya namna hii hutegemea sana jicho la mtoaji. Bibi mzee anayeeleza maumivu yake kwa Kihaya, lugha ya wenyeji, humjibu upesi mwanafunzi aliyemwamkia kwa lugha hiyo, ilhali mgeni kutoka Mtwara, hata akiwa hodari zaidi wa kuchoma sindano, humtafuta kwanza mkalimani, na msimamizi asiye mwangalifu huweza kuandika kwamba mawasiliano yake ni dhaifu, ilhali kilichokosekana ni Kihaya, si ustadi wa utabibu.

Tofauti za alama kati ya makundi zimechunguzwa kwingineko pia. Nchini Uingereza, uchambuzi wa mtafiti Katherine Woolf na wenzake wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wanafunzi na madaktari wasio Wazungu walipata, kwa wastani, alama za chini, hata katika mitihani iliyosahihishwa na mashine. Kwa hiyo upendeleo wa msahihishaji, ingawa upo, hauelezi yote.

Ili kupunguza tofauti za wasahihishaji, mwaka 1975 Ronald Harden wa Chuo Kikuu cha Dundee alipendekeza mtihani wa vituo, ambamo kila mwanafunzi hupitia kazi zilezile, akipimwa na wasahihishaji tofauti kwa orodha za vigezo vilevile kwa wote. Mtihani huo ukifanyika Muleba, mkalimani awekwe kwa wote, Mhaya na asiye Mhaya.