Maji Hayaanzii Bombani
Mtoto wa darasa la kwanza Kasulu au Kibondo akisema maji hutoka bombani au kisimani, hajakosea. Amefika nusu ya njia tu, na mwalimu asimwache hapo. Sehemu ya mvua inayonyesha kuanzia Novemba huzama taratibu kwenye udongo wa vilima vyenye miombo, ikatokea bondeni kama chemchemi, na mengi ya maji hayo hufuata mto Malagarasi hadi Ziwa Tanganyika. Wapo wasemao mtoto mdogo hawezi kuelewa kilichofichwa ardhini. Anaweza. Mpeni kopo lililotobolewa chini, alijaze mchanga, amwagie maji juu, asubiri yachuruzike. Baada ya hapo, akielezwa kuwa miti husaidia maji kuzama udongoni hivyo, katazo la kufyeka miti juu ya chemchemi lina sababu aliyoiona mwenyewe.