Maandishi Ndani ya Kioo

Kila kijiji kina maandishi yake ya thamani. Kuna daftari la mashamba, mihtasari ya mikutano na vyeti vya watoto. Lakini mchwa hawajui thamani ya karatasi, wao wanakula tu. Unyevu nao unaozesha, na wino unafifia. Hata kompyuta huharibika, na yaliyomo yakapotea.

Je, kuna kitu cha kuandikia ambacho mchwa hawawezi kukila? Kipo. Ni kioo.

Wengine watauliza, kioo kitaandikwaje kwa ndani bila kupasuka? Swali zuri. Twende polepole.

Mwanga wa jua hupita kwenye chupa bila kuacha alama. Lakini chukua kioo cha kukuzia, kile kilichotuna katikati, uukusanye mwanga huo mahali padogo. Majani makavu yataungua. Jua ni lilelile, ila nguvu zake zimekusanywa pamoja.

Wataalamu hutumia mwanga wa leza, unaotengenezwa kwa mashine. Wao huukusanya mara mbili. Kwanza wanaukusanya mahali, yaani kwenye nukta moja ndani ya kioo. Pili wanaukusanya katika muda. Gawa sekunde moja vipande bilioni moja, kisha kila kipande kigawe tena mara milioni moja. Mmweko mmoja wa leza hiyo huchukua vipande mia chache tu vya namna hiyo. Joto halipati nafasi ya kusambaa na kupasua kioo. Juu kioo kinabaki kizima, ndani kunabaki alama isiyoonekana kwa macho. Alama hizo hupangwa tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu.

Mwaka 1996 wataalamu wa Japani walieleza jinsi walivyochora ndani ya kioo njia za kupitishia mwanga. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, kilionyesha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu likiwa limeandikwa ndani ya kioo. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliweka senema nzima katika kipande chenye upana wa sentimita 7.5 na unene wa milimita 2. Vioo vya namna hiyo walivichemsha, wakavioka, wakavisugua kwa nyuzi za chuma. Maandishi hayakufutika.

Sasa, kasoro zake je? Zipo. Kukisoma kunahitaji hadubini na kompyuta. Mashine ya kukiandika ni ghali mno. Tena kilichoandikwa humo hakirekebishwi. Mpaka wa shamba ukiandikwa vibaya, utabaki vibaya miaka yote.

Basi, kioo hicho bado hakijafika kwetu. Daftari la kijiji tuliweke katika sanduku la bati, lisikae sakafuni. Tulinakili upya, na nakala ya pili ikae nyumba nyingine. Na kabla ya kunakili, tusomeane kwa sauti mkutanoni, tuhakikishe kila jina na kila mpaka umeandikwa sawasawa.