Utangulizi: Kulijua Ziwa Kabla ya Kutupa Ndoana

Ruhwa, mpakani mwa Rwanda na Burundi, ni mahali pazuri pa kuanzia elimu hii. Mto Ruhwa humwaga maji yake katika Rusizi, na Rusizi hutoka Ziwa Kivu na kushuka takriban mita 690 hadi Ziwa Tanganyika. Mto ni mmoja, lakini mvuvi aliyebobea Tanganyika akipanda Kivu huwa mgeni kabisa. Tanganyika lina mamia ya aina za samaki; Kivu, aina za asili hazifiki 30. Hata sambaza, dagaa wanaoliwa leo kila nyumba ya Cyangugu, kando ya Kivu, wana asili ya Tanganyika: watu ndio waliowapandisha Kivu, mwaka 1959 na 1960. Zilikusudiwa aina mbili za dagaa, ikastawi moja tu.

Kwa hiyo anayejiandaa kwa mashindano ya uvuvi kwenye ziwa geni aanze na kina. Kivu lina kina cha mita 485 hivi, lakini hewa ambayo samaki huivuta hufika kama mita 60 wakati wa kiangazi, na huishia juu zaidi wakati wa mvua. Chini ya hapo hewa hiyo haipo, gesi za methani na kaboni dioksidi huzidi kadiri unavyoshuka, na hakuna samaki. Ukishusha chambo mita 100, unavua patupu.

Kisha pima uangavu wa maji. Mwaka 1865 padri Mwitaliano Angelo Secchi alishusha sahani nyeupe katika Bahari ya Mediterania, na njia yake ingali inatumika. Chukua sahani nyeupe ya bati, ifunge jiwe chini, na kamba uipige fundo kila nusu mita. Ishushe upande wenye kivuli cha mtumbwi. Inapopotea machoni, hesabu mafundo. Ivute polepole, na inapoonekana tena, hesabu upya. Wastani wa vipimo hivyo viwili ndio uangavu wa ziwa. Penye maji maangavu samaki hukiona chambo kutoka mbali, nawe anakuona. Rudi nyuma, tumia mshipi mwembamba.

Samaki aina ya besi, aliyeletwa Ziwa Naivasha, Kenya, kutoka Marekani mwaka 1929, anadai jambo la tatu: ukingo. Huyu huvizia penye mafunjo na magogo, na ukingo wa Naivasha hauna makao. Maji yalipopanda mwaka 2020, migunga iliyokuwa nchi kavu ilibaki imesimama ziwani. Anayekwenda huko na ramani ya zamani atatafuta ufuko uliokwisha kuzama.

Kwa maoni yangu, washindani wengi huharibu siku zao za maandalizi kwa kutupa chambo mapema mno. Samaki mmoja aliyenaswa asubuhi huwafunga mahali pamoja, na ziwa lililobaki halipimwi. Wewe acha ndoana nyumbani siku ya kwanza. Ukiwa Kivu, shuka Kamembe alfajiri, mitumbwi ya sambaza inaporudi, uwaulize wavuvi walitega taa wapi na wavu uliingia kina gani.