Adam: Maziwa ya ngamia mbele ya mwanga usioonekana

Wengi wenu mliolelewa Unguja na Pemba huenda mmewahi kulisikia jina la Adam bila ya kujua mji wenyewe uko wapi. Ni mji wa oasisi katika mkoa wa Ad Dakhiliyah nchini Oman, kusini mwa Nizwa, mahali ambapo mitende na mifereji ya falaji inakwisha na jangwa linaanza. Huko ndiko kwenye asili ya Ahmad bin Said, mwasisi wa utawala wa Al Busaidi katika karne ya 18 na babu yake Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Zanzibar. Historia tunaiacha hapo, kwani leo tunataka kuzungumzia maziwa.

Maziwa ya ngamia yana bei kubwa kuliko ya mbuzi, na penye tofauti ya bei hakosekani mwenye kuchanganya. Kwa macho yote ni meupe. Pengine mtu atasema huo ni udanganyifu mdogo wa sokoni, lakini wako watoto ambao miili yao inayakataa maziwa ya ng'ombe, na baadhi ya wazazi huyatafuta ya ngamia kwa kuwa hayana beta-laktoglobulini, protini iliyomo katika maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi pia. Mtoto wa aina hiyo akinyweshwa maziwa ya ngamia yaliyotiwa ya mbuzi, anaweza kutokwa na vipele, kutapika, hata kubanwa na pumzi, na mzazi asijue sababu.

Ni hapa ndipo inapoingia spektroskopia, yaani elimu ya kukitambua kitu kwa namna kinavyomeza au kutoa mwanga. Katika mwanga wa infraredi ya karibu, ambao jicho haliuoni, maji humeza zaidi kwenye nanomita 1450 na 1940 hivi, na mafuta na protini vilevile vina mahali pake. Kila maziwa, basi, huacha alama yake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nizwa, kilichoko Birkat al-Mawz chini ya Jabal Akhdar, walitangaza mwaka 2017 matokeo ya kazi kama hiyo. Walichukua maziwa ya ngamia kutoka Adh Dhahirah na Ash Sharqiyah, wakayatia ya mbuzi kwa viwango vya kuanzia asilimia 2 hadi 20, kisha wakayapima kwa mwanga wa nanomita 700 hadi 2500. Njia yao iliweza kugundua mchanganyiko wa asilimia 0.5, yaani nusu lita ya maziwa ya mbuzi ndani ya lita 100! Kiwango chenyewe waliweza kukihesabu kuanzia asilimia 2.

Mwanafunzi anayeanza utafiti huu mara nyingi hudhani kwamba mashine ndiyo inayojua. Haijui. Inachotoa ni mstari wenye vilima na mabonde, na kompyuta ndiyo inayofundishwa, kwa sampuli ambazo ukweli wake unafahamika, kilima kipi kina maana gani. Ikifundishwa kwa sampuli za mahali pamoja, hukumu yake juu ya mahali pengine ni ya kutiliwa shaka mpaka ijaribiwe. Kazi kubwa, kwa hakika, ni ile isiyo na fahari: kuamka alfajiri, kukusanya chupa, kuziandika majina na kuziweka baridini.

Mfano mzuri tunao nyumbani Afrika Mashariki. Mwaka 2019 Emmanuel Mwanga wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, Tanzania, na wenzake (jina limesadifu kazi!) walieleza jinsi walivyopima matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi kwa kutumia infraredi ya kati. Watu 296 kutoka kata 12 za kusini mashariki mwa Tanzania walitoa damu, 123 kati yao wakiwa na malaria iliyothibitishwa kwa kipimo cha PCR. Kompyuta ilipatia kwa asilimia 92. Damu ilikuwa ya watu wa huko huko ambako ugonjwa upo.

Kinyume chake ni kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, ambacho nacho hutumia mianga miwili, mwekundu na wa infraredi. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ulipitwa bila kuonekana kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Tatizo hilo lilikuwa limekwisha kutajwa miaka mingi kabla, na vifaa vikaendelea kuuzwa. Wasomaji wetu wengi wana ngozi ambayo kifaa hicho hakikuizoea.

Turudi Adam. Mji huu si mbali na Birkat al-Mawz, lakini sampuli za mwaka 2017 zilitoka mikoa mingine miwili. Malisho hubadilisha maziwa, na msimu pia huyabadilisha. Kwa kijana wa Adam anayetafuta mada ya utafiti wake wa mwisho, ngamia wa jirani anatosha kuwa mwanzo: maziwa ya kiangazi, maziwa ya baridi, na chupa moja ya mbuzi pembeni.