Vidole Havilingani, Je, Mwalimu Afanyeje?

Wahenga walinena kuwa vidole vya mkono havilingani. Methali hii huisikia zaidi siku matokeo ya mtihani yanapobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Walioongoza hupigiwa makofi, nasi tulioburura mkia tunaambiwa ati ndivyo Mungu alivyogawa, basi tuvumilie. Leo nakusudia kueleza kuwa methali hiyo ni ya kweli ila sisi huikomea nusu. Nitaeleza jinsi walimu wa shule za upili wanavyofunzwa kulifundisha darasa lenye wanafunzi wa viwango tofauti, na jinsi wanavyofunzwa kutupima.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Muhula wa kwanza wa Kidato cha Pili nilipata alama 14 kwa 100 katika Hisabati. Darasani tulikuwa 52 na mimi nilikuwa wa 49. Baba yangu huuza maziwa ili nilipiwe karo. Nilipompa ripoti aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni bila kusema neno. Afadhali angenigombeza! Nikakata kauli kwamba Hisabati si yangu.

Likizo hiyo ya Aprili, mwalimu wetu wa Hisabati alihudhuria mafunzo ya walimu walio kazini. Aliporudi, siku ya kwanza hakuishika chaki. Alitugawia nusu karatasi kila mmoja na kutupa maswali matano ya kujumlisha akisami.

"Hapa hakuna alama," alisema. "Nataka kujua tu mnakwama wapi."

Tukacheka. Akisami? Si hizo ni za shule ya msingi?

Kesho yake karatasi zilirudi. Yangu haikuwa na alama wala nafasi, bali sentensi mbili tu: "Umejumlisha nambari za juu, kisha ukajumlisha za chini. Je, nusu ikiongezewa thuluthi inaweza kupungua ikawa chini ya nusu?" Nikatazama jibu langu. Nilikuwa nimeandika 2/5. Hamadi! Mbili kwa tano ni ndogo kuliko nusu! Kumbe kosa hilo nililibeba tangu shule ya msingi. Kila mtihani nilitiwa mkasi mwekundu, nikahesabiwa alama, nikapangwa mkiani, na hakuna aliyenionyesha nilipojikwaa. Aljebra yote iliyokuwa na akisami ilikuwa ikiniangusha kwa sababu hiyo moja.

Somo lililofuata mwalimu alitugawa makundi matatu. Kundi letu lilipewa vipande vya karatasi vilivyokunjwa sehemu 6 zilizo sawa. Nusu ikawa sehemu 3, thuluthi ikawa sehemu 2, jumla 5/6. Tuliliona jibu kwa macho yetu kabla ya kuliandika. Kundi la pili lilipewa hesabu zilizofanywa nusu, wakazimalizia. La tatu lilipewa mafumbo ya shamba na urithi. Dakika za mwisho sote 52 tulijibu swali moja lilelile, tukamkabidhi mwalimu tukitoka.

Nilipopewa kazi ya kuandika makala haya, nilibisha mlango wa ofisi ya walimu. "Mwalimu, mambo yale ulifunzwa wapi?" Akaniambia niketi, akanieleza.

Hapa Kenya mafunzo ya namna hii kwa walimu wa Hisabati na Sayansi wa shule za upili yana historia. Mwaka 1998, serikali yetu ikisaidiwa na Japani ilianzisha mradi uitwao SMASSE katika wilaya 9, na baadaye ukaenea nchi nzima. Walimu wachache hufunzwa kwanza, nao huenda kuwafunza wenzao nyakati za likizo. Leo kazi hiyo inaongozwa na kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi. Mwalimu huhimizwa ampe mwanafunzi kazi ya kufanya kwa mikono yake, na akikosa vifaa abuni vyake, kama vile karatasi zetu. Halafu hufuata hatua nne: panga, tenda, tazama, boresha. Hatua ya "tazama" ndiyo mzizi wa mambo, kwa maana asiyetazama ataboresha nini?

Hapo ndipo tathmini inapoingia. Mnamo 1967 mwanafalsafa Michael Scriven alitofautisha aina mbili za tathmini: ile inayofanywa kazi ikiendelea ili irekebishwe, na ile inayofanywa mwishoni ili kutoa hukumu. Sisi wa mashambani tunaijua tofauti hiyo. Kuna kukagua mahindi yakiwa machanga ili uone yanayokauka, na kuna kuhesabu magunia baada ya kuvuna. Yote mawili yanahitajika. Lakini mkulima anayesubiri magunia pekee hawezi kuyaokoa mahindi.

Kuhusu tofauti zetu, mtaalamu mmoja wa Marekani, Carol Ann Tomlinson, alitoa kitabu mwaka 1999 kinachoeleza kuwa mwalimu anaweza kubadilisha yale anayofundisha, namna ya kuyafanyia kazi, na njia ambayo mwanafunzi ataonyesha kuwa ameelewa. Lengo la somo halishushwi kwa ajili ya mtu yeyote. Sote tunaelekea mtoni, ila wengine tunahitaji kuonyeshwa njia.

Msomaji utauliza: je, kugawa makundi si kututangaza vilaza? Nami niliuliza hivyo. Mwalimu alinijibu kuwa makundi hupangwa kwa kosa la leo, wala si kwa nafasi ya muhula uliopita. Na kweli, tulipofika kwenye jometri mimi nilikuwa kundi la tatu, naye kiranja wetu ambaye huongoza darasa akawa kundi la kwanza akikata karatasi. Hakuna aliyemcheka.

Kwa nini hakuandika alama? Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya miongoni mwa wanafunzi nchini Israeli. Waliopewa maelezo peke yake waliendelea vizuri. Waliopewa alama hawakuendelea hivyo, hata pale alama zilipoandamana na maelezo. Nadhani najua sababu. Ukiiona 14, macho hayasogei tena.

Nisidanganye kuwa kazi hii ni rahisi. Kipindi ni dakika 40, wanafunzi ni wengi, na silabasi inamfukuza mwalimu. Mwalimu aliniambia hawezi kuandaa masomo matatu kila siku. Alichofunzwa ni kuandika andalio moja la somo lenye kazi za viwango vitatu, na kuzipanga karatasi zetu katika mafungu matatu badala ya kusahihisha kila mstari. Siku nyingine hufundisha sote pamoja kama kawaida.

"Lakini Mwalimu," nikasema, "KCSE haitatugawa makundi."

"Ndiyo," akajibu, "mtihani utakuwa mmoja. Ndiyo maana sitaki mtu afike huko na kosa la Darasa la Tano."

Wanafunzi wenzangu, nasi tuna sehemu yetu. Ukinakili jibu la jirani katika zile karatasi ndogo, umemwambia mwalimu uongo, naye atakutibu ugonjwa usiokuwa wako. Ukimcheka anayekosea, kesho ataficha kosa lake. Nanyi walimu wetu wapendwa, twajua mzigo ni mzito. Hata hivyo, sentensi moja kwenye nusu karatasi ilinifaa kuliko mikasi ya miaka mingi.

Mwisho wa mwaka ule nilipata 46. Si A, bwana, najua. Baba aliisoma ripoti mara mbili, akaniuliza, "Hii 46 umeitoa wapi?"

Nikamjibu, "Kwa nusu na thuluthi, Baba."

Hakuelewa, lakini alicheka. Naam, vidole havilingani, ila mkono unaposhika jembe, hakuna kidole kinachoachwa nje.